Nati ya letoni imepasuka yenyewe, lawama nimebebeshwa mimi

Huyu muuzaji wa vifaa vya bomba huku Katuba amenichokoza, na leo nasema.

Nilimfungia mama mmoja robine, koki ya maji, bandani kwake, ya kunyweshea kuku. Msimu wa mvua haujaisha, ananipigia: banda limejaa maji. Nafika, nati ya letoni, ile shaba iliyochanganywa na zinki, imepasuka kwa urefu, mdomo wazi, na hakuna aliyeigusa. Nikairudisha dukani. Jamaa hata kuishika hakuishika. “We papa, umeikaza kama nati ya tairi la lori. Fundi wa kubahatisha!” Wateja wakacheka. Mimi, niliyefundishwa kazi na mzee wa Gécamines, kampuni ya madini!

Nati iliyokazwa kupita kiasi huvutika kwanza, meno yake yakalika. Hii haikuvutika hata kidogo, imeachana tu. Mzee alitueleza sababu: letoni yenye zinki zaidi ya asilimia 15, ikifinyangwa ikiwa baridi, hubaki na mkazo ndani. Ikikutana na unyevu na amonia, ile hewa kali ya kinyesi na mkojo, hupasuka bila kupigwa wala kukazwa. Na banda la kuku, nani hajui harufu yake? Waingereza yaliwakuta India zamani: maganda ya risasi, shaba 70 kwa zinki 30, yalikuwa yakipasuka ghalani wakati wa mvua, amonia ikitoka kwenye mazizi ya farasi. Dawa yake inajulikana: baada ya kufinyanga, ipashe moto wa digrii 250 hadi 300 hivi. Mkazo unatoka, ugumu unabaki. Aliyetengeneza nati hii aliubania huo moto. Na sisi Lubumbashi hapa, shaba chini ya miguu, zinki iko Kipushi, kilomita 30 hivi, ndio tunauziwa letoni ya namna hii!

Haya, si yeye aliyeitengeneza. Tena vali moja nzito niliyonunua kwake, ya kufuliwa ikiwa moto, haijavuja hata tone mpaka leo. Nilitaka kumpa nyota tatu.

Lakini kile kicheko! Angeigeuza tu nati mkononi, akaona ufa ulivyonyooka. Hapana, nyota moja, na nati za letoni sinunui kwake tena.

Mabomba ya plastiki nitaendelea kuchukua pale, maana wenzake wanazidisha bei.