Luxilon ALU Power 1.25: uzi mkali, lakini si wa kila mkono

Kwa mchezaji wa tenisi mwenye mkono mzima na pigo zito, uzi huu wa raketi wenye unene wa milimita 1.25 unastahili sifa zake. Mpira unazunguka, unashuka ndani ya mstari, na nyuzi hazihamihami. Mbrazili Gustavo Kuerten alipotwaa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1997 akitumia nyuzi za kampuni hii ya Ubelgiji, wengi waliigeukia poliesta, plastiki ngumu ambayo uzi huu umetengenezwa nayo.

Tatizo ni ugumu. Poliesta hainyumbuki kama uzi wa asili wa utumbo wa mnyama, hivyo mshtuko mwingi zaidi unapita kwenye mpini na kuingia mkononi. Wapo wanaoulaumu kwa nyufa za uchovu kwenye mfupa, lakini uzi peke yake hauvunji mfupa. Mfupa huchoka ukipigishwa kazi haraka kuliko unavyoweza kujijenga upya. Ila aliyeongeza saa za mazoezi ghafla, kisha akakaza uzi huu kwa kilo 26, anarundika mzigo juu ya mzigo.

Mwambie fundi akaze kilo 21 hadi 23. Bora zaidi, weka ALU Power kwenye nyuzi za wima na uzi laini kwenye za mlalo. Ukate baada ya saa 10 hadi 15 za mchezo hata kama haujakatika, kwa sababu uzi uliokufa hauna mkazo: mpira unapotea, na mkono unaanza kubana mpini kuufidia. Kile kipira kinachopachikwa katikati ya nyuzi kinapunguza mlio tu, mkono hakiukingi.

Watoto wasipewe kabisa. Ncha za mifupa yao kwenye kifundo cha mkono bado zinakua, na uzi laini unawatosha.

Ukiwa tayari unautumia, chunguza maumivu yenyewe. Msuli huuma eneo pana. Mfupa huuma mahali pamoja, unapaonyesha kwa ncha ya kidole. Wanaopiga bekhendi (pigo la nyuma ya kiganja) ya mikono miwili wapapase ulna, mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho, wa mkono ule usio na nguvu. Wengine wabonyeze kitako cha kiganja upande wa kidole cha mwisho, pale tako la mpini linapogandamiza. Pakiuma, acha kucheza umwone daktari. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo maumivu yakiendelea ulizia kipimo cha MRI, kinachoonyesha ndani ya mfupa. Ufa wa mfupa kupona huchukua takriban wiki 6 hadi 8 bila raketi, na hapo kubadilisha uzi hakusaidii.