Vizibao vitatu vya mtoto: sufi, faiba au blanketi?

Karibuni sana, wapendwa. Hapa mezani nina vizibao vitatu vya mtoto. Nimevishona mwenyewe hapa nyumbani Njombe, kipimo kimoja, kitenge kimoja, kwa nje huwezi kuvitofautisha. Tofauti iko ndani, kwenye kile nilichokiweka kati ya kitenge na bitana. Binti yangu ana miaka minne, na amevivaa kwa zamu tangu mwanzoni mwa Juni. Baridi ya huku wenyeji mnaijua. Kwa hiyo ninavyovizungumzia leo ni vitu vilivyokwisha kuvaliwa, vikamwagikiwa uji, vikafuliwa kwa mkono na kuanikwa.

Hiki cha kwanza kina sufi. Wengi wetu tumelalia mito ya sufi tangu utotoni, na ni nyepesi mno, nikaona niijaribu. Sasa angalieni hapa begani nikikiinua kwenye mwanga. Patupu! Sufi yote imeteremka, imejikusanya huku chini kwenye pindo. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazishikani zenyewe kwa zenyewe, na ukifua zinajiviringa madonge. Tena wakati wa kujaza inapeperuka chumba kizima, hivyo mtoto asiwe karibu kabisa. Sufi ibaki kwenye mito.

Cha pili ni faiba, ile ya mafundi makochi, inayouzwa kwa mita, nyuzi zimeshikana kama shuka jeupe nene. Niliomba ile nyembamba kuliko zote dukani, na hata nyie ombeni hiyo hiyo, maana ile nene inamfanya mtoto asiweze kushusha mikono. Jamani, faiba ni rahisi kushona. Unaikata kwa mkasi wa kawaida, cherehani inapita bila kulalamika, na kizibao ni chepesi mwilini. Nimekifua asubuhi, jioni kimekauka, na kwa mwezi wa saba hapa Njombe hilo ni jambo kubwa kwa mama yeyote. Joto lipo pia. Nyuzi zake zinashika hewa katikati, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke.

Sogea hapa kwenye mshono uone. Vinyweleo vyeupe vinachungulia kwenye matundu ya sindano. Hapa nilishona na sindano iliyokwisha kuwa butu, ikawa inazivuta nyuzi za faiba kuzileta nje. Upande wa kulia niliweka sindano mpya namba 14, na hakuna kinyweleo hata kimoja. Badilisha sindano kabla ya kuanza, hata kama ya zamani haijavunjika.

Sasa kuna jambo la faiba ambalo limenifanya nirekodi video hii. Faiba ni plastiki. Nilikwenda nje, nikaweka kipande juu ya kifuniko cha sufuria, nikakiwasha kwa kiberiti. Kiliyeyuka, kikawa kitonge cheusi kilichong'ang'ania kifuniko mpaka nikakikwangua kwa kisu. Fikiria kitu hicho kwenye ngozi ya mtoto. Na sisi huku jioni tunaota jiko la mkaa, watoto wamelizunguka, cheche zinaruka. Sisemi pamba, kama ya blanketi la kizibao cha tatu, haishiki moto. Inashika, na blanketi lenye manyoya linashika upesi. Lakini pamba inaungua kuwa majivu, haiyeyuki ikagandamana na ngozi. Mtoto awe mbali na jiko, avae nguo yoyote ile.

Ndiyo maana nikashona hiki cha tatu. Ndani yake kuna blanketi la pamba, lile lile nililomfunika alipokuwa mchanga. Limefuliwa miaka minne, limekuwa jembamba, limelainika, na kurudi, yaani kusinyaa kwa kufuliwa, lilikwisha kurudi siku nyingi. Ukitumia blanketi jipya, lifue kwanza, pamoja na kitenge na bitana, kabla mkasi haujagusa kitu. Vitambaa vya pamba vinarudi kwenye maji kila kimoja kwa kiasi chake, na usipovifua kabla, ufuaji wa kwanza utakuachia kizibao kilichokunjamana.

Bitana yake ni khanga, na hii ni khanga niliyombebea mgongoni. Nimeikata nikipima ili jina liangukie ndani ya mgongo. Ngoja nikigeuze msome: «Nani kama mama». Kwa nje huoni kitu, lakini yeye mwenyewe anajua maandishi yapo, na kila akivaa ananiomba nimsomee kwanza.

Kuhusu kushona, kosa la vizibao vingi ninavyoletewa hapa nivirekebishe ni fundi kukata vipande kwa kipimo kamili, halafu ndipo adarizi, yaani apige mistari ya mshono ya kushikanisha tabaka zote. Kila mstari wa mshono unavuta kitambaa kidogo, na mistari ikifika kumi, kipande cha mbele kimepungua, hakikutani tena na cha nyuma. Mimi nakata vipande vya mstatili, vikubwa kuliko kipimo kwa inchi moja kila upande. Natandika bitana, juu yake blanketi, juu yake kitenge, napiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kushikiza, kwa mkono kwa uzi mweupe, kuanzia katikati kwenda pembeni. Usiruke hatua ya bandi. Tabaka tatu zikikaa bure chini ya mguu wa cherehani, ya chini inavutwa na meno, ya juu inabaki nyuma, na ukifika mwisho una mkunjo usioweza kuuficha.

Mistari nachora kwa kipande cha sabuni kilichokauka, nafasi ya inchi mbili. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, hizi nyeusi za zamani, na juu ya nguzo ya mguu kuna skrubu. Nailegeza kidogo ili mguu usikandamize, na narefusha hatua ya mshono. Naanza mstari wa katikati, kisha mmoja kulia, mmoja kushoto. Nikimaliza kudarizi ndipo naweka karatasi ya kipimo na kukata shingo na kwapa.

Kingo nimezifunga kwa utepe wa kitenge kile kile, uliokatwa mshazari. Ukiukata wima hautafuata mviringo wa shingo, utasimama kama kola ya boksi. Upande wa nje nimeshona kwa cherehani, wa ndani kwa mkono, taratibu, usiku mbili nzima. Hapa mbele kuna vifungo vya kubonyeza. Kamba za kufunga shingoni sikuweka na sitaweka, zinaweza kunasa mtoto akicheza.

Tatizo la cha blanketi ni maji. Kikilowa kinakuwa kizito, na kilinichukua siku mbili kukauka, ya pili nikakianika ndani. Kama una mtoto anayejimwagia kila siku, kimoja hakitakutosha.

Basi kwetu tumegawa hivi. Cha faiba anavaa asubuhi akienda shule ya awali, ambako hakuna jiko na kinakauka upesi akikichafua. Akirudi jioni anabadilisha, anavaa hiki cha khanga mpaka anaingia kitandani. Cha sufi nitakifumua kesho. Kitenge chake kinatosha mifuko miwili, na amekwisha kuniambia anaitaka kwenye hiki cha tatu.