Pedali ya klachi ngumu yenye kelele: uzoefu wangu na mafundi wa Malindi

Kilichokaza pedali ya gari langu hakikuwa klachi, na kebo nayo ilikuwa imeponzwa tu. Mkosaji ni waya wa arthi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, ambao ulikuwa umeoza. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu gereji mbili za hapa mjini zilipitia gari hili kabla fundi wa tatu hajauangalia huo waya, na najua wako wenzangu wenye magari ya zamani ya gia za mkono ambao hivi sasa wanaambiwa wanunue klachi nzima.

Gari lenyewe ni saluni ya Kijapani ya miaka ya 1990, klachi ya kebo, si ya mafuta. Nasambazia mikate. Alfajiri napakia mjini, navuka daraja la Sabaki, napita Mambrui mpaka Gongoni, huku nikisimama kila penye duka. Kwa kazi hiyo mguu wa kushoto haupumziki, kwa hiyo pedali ikibadilika hata kidogo naijua siku hiyo hiyo. Ilianza na mlio, kwii, kila nikikanyaga. Ukaja uzito. Mwisho nikifika kwenye matuta ikawa lazima niushike usukani kwa nguvu ndipo nipate pa kujiegemeza nikanyage.

Gereji ya kwanza walibadilisha kebo, pedali ikalainika, nikalipa nikaondoka. Baada ya wiki chache ikakaza tena, safari hii na mkwaruzo ndani yake. Niliporudi wakasema spea siku hizi ni feki, nilete nyingine. Gereji ya pili hawakugusa kebo kabisa. "Dada, presha pleti imechoka hii. Lete klachi nzima, tushushe giaboksi." Hesabu yao na kazi ilikuwa shilingi 14,000.

Niwatendee haki: klachi iliyokwisha kweli huweza kuifanya pedali kuwa nzito. Pleti ya klachi inavyolika, vidole vya springi ya presha pleti, lile bamba linaloibana, hubadilisha mkao, na mguu huhitaji nguvu zaidi. Lakini uzito wa namna hiyo huja polepole, kwa miezi na miaka. Kama ni presha pleti, mbona kebo mpya iliilainisha pedali siku ile ile? Niliwauliza. Jibu lilikuwa kwamba gari ni la zamani.

Fundi wa tatu ni mzee anayefanyia kazi chini ya mti wa mkungu upande wa Maweni. Hana kibao wala gereji ya kuta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na neno lake la pili lilikuwa, "Zima injini, mwanangu."

Nilidhani anataka kuongea. Kumbe ndiyo alikuwa ameanza kazi. Aliingiza kichwa chini ya dashibodi, akaisukuma pedali kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, na ile kwii ikasikika wazi. Beringi ya klachi haizunguki injini ikiwa imezimwa, akasema, kwa hiyo huu mlio tusiupeleke kwenye giaboksi, uko hapa kwenye pini ya pedali. Bushi za plastiki zilikuwa zimelika na kukauka, zimejaa vumbi.

Kisha akaniambia niwashe, gia iwe nyutro, nitoe mguu, nikanyage, nitoe tena. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kila mwenye gari la gia za mkono angefaa kukijua. Kelele inayotokea unapokanyaga na kupotea unapoachia, mshuku beringi ya kusukumia klachi, ile wanayoita rilisi beringi. Ikiwa kinyume chake, mvumo upo mguu ukiwa nje na unanyamaza ukikanyaga, hapo sikiliza beringi ya shafti ya giaboksi. Langu lilikuwa na mvumo mdogo wa aina ya pili. Akauweka kando.

Akafungua boneti na kuichomoa kebo kwenye foku ya klachi, ule mkono unaosukuma beringi. Foku akaichezesha kwa mkono, ikaenda na kurudi bila kukwaruza. Akaniita nikanyage pedali, kebo ikiwa haijashika chochote huko mbele. Ilipaswa kuwa nyepesi kabisa. Ilikuwa nzito vile vile! Kwa hiyo ugumu wote ulikuwa kati ya mguu wangu na ile ncha aliyokuwa ameishika mkononi, na yale maneno ya kushusha giaboksi yakaishia hapo.

Fundi wa kawaida angeniambia tu nikanunue kebo. Yeye akauliza, "Stata asubuhi inavuta vizuri?"

Haikuwa inavuta vizuri. Ilikuwa inajikokota, na taa zinafifia, nami nilikuwa naidhania betri. Akairudisha kebo mahali pake na kuniambia nipige stata mara kadhaa. Kisha: "Njoo uguse." Injini yenyewe ilikuwa haijapata moto, lakini kebo ya klachi ilikuwa na moto.

Alivyonieleza ni hivi. Injini na giaboksi zimekalia raba, kwa hiyo umeme wa stata unahitaji waya mnene wa kuurudisha kwenye bodi na terminali hasi ya betri. Stata ya gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100. Waya huo ukioza, umeme haukubali kusimama, hutafuta chuma kingine chochote kinachounganisha injini na bodi, na kwenye gari langu chuma hicho ni kebo ya klachi. Kebo haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Hupata moto, plastiki iliyo ndani ya ala yake huyeyuka, waya hunaswa. Baadaye aliikata ile kebo nikaona mwenyewe: plastiki imeganda juu ya waya kama sukari guru.

Waya wa arthi wenyewe ulikuwa chini ya betri, umeshikwa na bolti iliyoliwa na kutu. Alipouchuna ganda, shaba ilikuwa ya kijani na ikikatika kwa vidole. Upepo wa bahari tunaishi nao sote hapa Malindi, na mimi kila siku napita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni. Akaweka mwingine mnene, akapiga msasa pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, akakaza, ndipo akapaka grisi juu. Juu, si katikati ya chuma na chuma. Halafu multimita, kile kipimio cha umeme: ncha moja kwenye terminali hasi, nyingine kwenye injini, mimi napiga stata. Akasema isizidi nusu volti, na yangu haikufika hapo.

Kebo ilinichelewesha kuliko kazi yenyewe. Duka la kwanza la spea walinipa fupi, ya gari la usukani wa kushoto, boksi lina jina lile lile. Nenda na kebo yako kuukuu uzilaze pamoja, upime urefu na uangalie vichwa. Iliyonifaa ililetwa na matatu kutoka Mombasa, shilingi 2,200. Kijana mmoja pale dukani alitaka aimiminie oili kwanza "iteleze." Mzee alikataa: kebo yenye plastiki ndani hukimbia kavu, na oili hukusanya vumbi. Aliipitisha kwa mikunjo mipana, mbali na ekzosi, akaacha uchezi kidogo, yaani nafasi ya bure, juu ya pedali kabla haijaanza kushika. Ukikaza kebo bila uchezi, beringi inaguswa muda wote na klachi huanza kuteleza. Bushi za pedali zilikuwa bei ya chai.

Waya wa arthi ulikuwa 600, ufundi 1,500. Kwa upande wa kazi sina neno. Kwa mengine ninayo. Kuharakisha hajui, anashika gari moja mpaka alimalize, na simu yake mara nyingi imezimwa. Risiti hatoi. Ijumaa ukimkuta mchana una bahati. Mvua ikinyesha kazi imesimama, maana mkungu si bati. Na usitarajie kukaa kwenye kiti, utapewa tochi uishike.

Wenye klachi ya mafuta, habari ya arthi isiwasumbue sana. Nyinyi tazameni kiwango cha mafuta, tazameni kama kuna unyevu juu ya pedali au kwenye silinda ya chini, na mpira wa kupitishia mafuta usiwe umevimba kwa ndani. Tieni mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini humo huharibu raba zote.

Pedali yangu sasa naikanyaga nikiwa na ndara. Ule mvumo wa giaboksi bado upo. Mzee amesema tusiufungulie giaboksi peke yake, tungoje siku klachi itakapokwisha kweli, beringi zote zibadilishwe kwa kazi moja. Ile 14,000 nimeanza kuiweka pembeni.