Uzoefu wangu Little Bighorn: anzeni mwisho wa barabara

Mkienda Little Bighorn, Montana, na mwenzenu mbishi, msishukie Last Stand Hill, kilima alikouawa kamanda Custer, kama wanavyofanya wengi. Endesheni moja kwa moja hadi walipozingirwa maofisa wake, Meja Reno na Kapteni Benteen, kama kilomita 7, ndipo mrudi mdogomdogo. Barabara ya hifadhi inasimulia kinyumenyume vita vya Juni 25, 1876, kati ya jeshi la Marekani na Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Amerika.

Kwa jamaa niliyekwenda naye, Custer alijiponza kwa kugawa rejimenti yake. Mimi naona hilo ni dogo. Katika shambulio la Washita mwaka 1868 aligawa vilevile akashinda, na safari hii hofu kubwa ya wanajeshi ilikuwa kwamba watu wa kambi ya wenyeji wangetawanyika kabla hawajafikiwa. Ninachomlaumu ni kuvamia bila kujua ukubwa wa kambi, ilhali maskauti walishamwonya kwamba watu ni wengi mno. Ukisimama juu ya yale magenge ndiyo unaelewa: mto unapinda huku na huku, miti imeuziba, na bonde huwezi kuliona lote kwa mara moja.

Ubishi ulipamba moto kwenye ule ujumbe ambao Custer alimpelekea Benteen kwa mkono wa mpiga tarumbeta Giovanni Martini, Mwitaliano ambaye Kiingereza chenyewe kilimpa tabu. Aambiwa afanye haraka, na papo hapo alete mizigo. Mizigo iko juu ya nyumbu! Sasa atii lipi? Akamkuta Reno ametimuliwa bondeni, ana majeruhi, akabaki naye. Simameni Weir Point, ambako Kapteni Weir alifika bila kungoja amri. Kilima cha Custer kinaonekana mbali kweli, kama kilomita 5.

Nilichokipenda zaidi ni mawe. Ya marumaru nyeupe yapo tangu 1890, yanaonyesha walikoangukia wanajeshi. Ya matale mekundu, ya wapiganaji wa Kilakota na Kicheyenne, yalianza kuwekwa 1999 tu. Tumezoea kuuliza Custer alishindwaje. Mbele ya yale mekundu nikajikuta namuuliza jamaa habari za Gall na Crazy Horse, viongozi wa Kilakota, akakosa la kusema.

Nyota tano. Bebeni maji na kofia, kivuli ni cha kutafuta, na msitoke njiani: kuna nyoka wenye sumu. Jamaa yangu aliondoka amemsamehe Custer nusu, lawama iliyobaki akamtwisha Benteen, tukabishana hadi mji wa Billings.