Kitabu cha watu wa Blackfoot kutoka duka la vitabu vilivyotumika, Mji Mkongwe

Kitabu hiki nilikinunua kwa shilingi 15,000 katika duka dogo la vitabu vilivyotumika, ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, baada ya mwenye duka kukipangusa vumbi na kuniambia, "Maalim, hiki kizima, chukua tu." Ni kitabu kikubwa cha Kiingereza, chenye picha nyingi, kinachoeleza historia na maisha ya jadi ya watu wa Blackfoot. Wenyewe hujiita Niitsitapi, yaani watu halisi. Mataifa yao ya Siksika, Kainai na Piikani yako Alberta, nchini Kanada, na tawi la kusini la Piikani liko Montana, nchini Marekani.

Nusu ya kwanza haina mfano. Mwandishi hakukimbilia vita, bali ameanza na kazi za mikono, na sura ya uwindaji nimeirudia mara tatu. Kabla ya kupata farasi katika karne ya 18, watu hawa waliwinda nyati wa kwao, mnyama mwenye nundu na manyoya mazito asiyefanana na nyati wa Afrika, kwa kuliongoza kundi zima katikati ya safu mbili za marundo ya mawe zilizoelekea ukingoni mwa jabali. Kijana mwepesi wa miguu alijifunika ngozi ya ndama na kulia kama ndama aliyepotea; nyati walipomfuata, wenzake walichomoza nyuma ya mawe wakipiga kelele na kupunga ngozi, hadi kundi likawa haliwezi tena kusimama. Mahali pamoja pa namna hiyo, Head-Smashed-In, palitumika kwa karibu miaka 6,000, na UNESCO ilipaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, miaka 19 kabla ya Mji Mkongwe wetu.

Nyama ilikatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, ikatwangwa, kisha ikachanganywa na mafuta na matunda ya porini na kuhifadhiwa katika mifuko ya ngozi. Aliyekulia kwenye ng'onda hahitaji kuelezwa zaidi. Samaki, hata hivyo, kwa desturi hawakuwala, ingawa mito yao ilikuwa nao, kwa kuwa majini waliamini kuna viumbe wenye nguvu zao. Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti barazani, na mzee mmoja akaweka chini kikombe chake cha kahawa na kuniomba niirudie.

Picha za mahema nazo ni nzuri: nguzo nne ndizo zinazotangulia, nyingine huegemezwa juu yake, kisha hufunikwa kwa ngozi za nyati zilizoshonwa pamoja. Wanawake ndio waliozishona, waliolisimamisha hema, na ndio waliokuwa wenyewe wa hema. Mizigo ilikokotwa na mbwa, na farasi alipofika wakampa jina lenye maana ya mbwa-kulungu.

Tatizo liko ukurasa wa 176. Unaishia asubuhi ya tarehe 23 Januari 1870, kando ya mto Marias, pale chifu wao Heavy Runner alipowaendea wanajeshi wa Marekani akiwa na karatasi ya amani mkononi na kupigwa risasi, katika shambulio lililoua watu wapatao 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Unaofuata ni wa 193, nao unazungumzia hifadhi ya taifa ya Glacier iliyoanzishwa mwaka 1910. Kurasa 16 zimechomoka, na pamoja nazo mkataba wa mwaka 1877 kati yao na Kanada, na kutoweka kwa nyati, hata ile njaa ya kipupwe cha 1883 hadi 1884 iliyoua mamia ya watu Montana, mambo ambayo nililazimika kuyatafuta kwa simu.

Nilipokirudisha, mwenye duka aliutazama mshono uliolegea, akasema vitu vilivyotumika havina dhamana, akanipa shilingi 3,000. Sikuridhika, lakini kitabu sikukiacha. Kasoro nyingine ni ya mwandishi mwenyewe: maelezo ya picha yanawataja watu hawa kana kwamba wamekwisha, ilhali wapo, na wanawafundisha watoto wao lugha yao. Anayekwenda katika duka lile akae mlangoni penye mwanga, ahesabu kurasa kwanza, na pesa zitoke baadaye.