Grisi nyeusi ya moli kwenye pini za ndoo ya ekskaveta: uzoefu wangu

Ninayotumia ni grisi ya lithiamu namba 2 (namba ya uzito wa grisi) yenye asilimia 3 ya molibdenamu disalfaidi, ile mafundi wanayoiita moli. Kwa pini na bushi za chuma, yaani yale mabomba mafupi ambamo pini hukaa, naikubali kabisa. Pini ya ndoo haizunguki kama ekseli; inacheza kwenda na kurudi, polepole, huku imebanwa na mzigo mzito. Kwa mwendo huo utando wa mafuta haujengeki, chuma kinagusa chuma. Moli ina matabaka membamba yanayoteleza moja juu ya jingine, na inabaki imeshika uso wa pini hata mafuta yakishakamuliwa.

Ila grisi hii haina faida isipofika upande unaobeba mzigo, na hapa ndipo bushi nyingi hufia. Ukipampu grisi ndoo ikiwa inaning'inia, grisi hupita upande wenye nafasi na kuchomoza pembeni. Unaiona imetoka, unaridhika, kumbe upande uliobanwa ni mkavu! Mimi huilaza ndoo chini, pini ipumue mzigo, nazima injini, nafuta mchanga kwenye nipeli (kichwa cha kuingizia grisi), kisha napampu hadi itoke grisi safi pande zote mbili. Baada ya hapo ndoo ikunjwe na kukunjuliwa mara chache, ilazwe tena, injini izimwe, na upampu mara ya pili. Awamu hii ya pili siiruki kamwe, maana pini imeshageuka na grisi inapata njia mpya.

Ukichomoa pini, itazame. Mistari myembamba inayoizunguka ni kazi ya mchanga. Vumbi la rangi ya kutu ni dalili ya ukavu. Kibaya zaidi ni mabaka yaliyochanika, yenye vipande vya bushi vilivyogandia kwenye pini: hapo vyuma vilishikana, vikararuana. Pini hiyo hakuna grisi ya kuiponya, na ukiirudisha kwenye bushi mpya itaila upesi. Badilisha zote mbili.

Kama ndani kulikuwa na grisi ya poliyurea au ya bentonaiti, itoe yote na kusafisha kabla ya kuweka hii. Zikichanganyika na lithiamu mara nyingi hulainika na kuvuja. Kwenye beringi za mwendo kasi siiweki. Nimeiachia pini tu.