Sanduku la kuanzia la Dungeons & Dragons na mchezaji asiyejali wenzake

Sanduku la kuanzia lililotolewa mwaka 2014 la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji humwigiza mhusika wake katika kisa kinachosimuliwa na mwendesha mchezo, na dadu huamua kama jambo analojaribu limefaulu, lina kijitabu cha kanuni chenye kurasa 32, kisa cha kuchezwa chenye kurasa 64, karatasi za wahusika 5 waliokwishaandaliwa na dadu 6, na kwa watu wasiowahi kuketi kwenye mchezo wa aina hii, ambao ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, naliona kuwa zawadi njema kabisa.

Upungufu wake tuliuona jioni ya tatu. Mwenzetu aliyecheza mwizi, ambaye tayari alikuwa na tabia ya kuwakata wengine kauli, alitangaza kwamba anamwibia dada aliyecheza kasisi, akarusha dadu la pande 20 kabla hajajibiwa. Dada yule akaiweka penseli juu ya karatasi yake, akanyamaza hadi tulipoagana. Nilipekua kijitabu cha kanuni nikakuta namna ya kukokotoa shambulio, lakini sikupata la kunisaidia kuhusu binadamu aliyeketi mezani.

Ilinibidi nimfuate yule aliyecheza mwizi faragha kesho yake, kwa kuwa kumsuta mbele ya wenzake kungemtia aibu na kumfanya azidi kushupaa, tukakubaliana kwamba hakuna mhusika atakayemdhuru mwenzake bila ridhaa ya anayemchezesha. Wiki iliyofuata aliwahi kufika, akamwomba radhi dada yule.

Nalipendekeza sanduku hili kwa moyo mkunjufu, ila mwendesha mchezo atenge nusu saa ya mwanzo, kabla kisa hakijafunguliwa, makubaliano hayo yafanyike wote wakiwapo.